Sura ya Sita: Kipimo Ndicho Mpanzi wa Kwanza

Msafiri apitaye katika vilima vya mashariki ya Kentucky mwezi wa Mei, wakati theluji imekwisha kusahauliwa na jua limeanza kupata nguvu, huona mbele yake vilele vilivyosawazishwa mithili ya meza, vimetandikwa majani mabichi tangu ukingo hata ukingo, na asipokuwa ameambiwa kabla hawezi kujua kwamba pale yalipo majani hayo palikuwa na mwitu wa mialoni, kisha pakawa na shimo, kisha pakawa na lundo la mawe, na kwamba ubichi ule ni kazi ya mikono ya watu, iliyolipiwa fedha na kuamriwa na sheria. Macho yake humwambia kuwa ardhi imepona. Lakini macho ni shahidi mwepesi wa kuridhika, na nia ya sura hii ni kuuliza swali ambalo macho peke yake hayawezi kulijibu: ardhi iliyochimbwa makaa ya mawe, ikafukiwa na kupandwa tena, yafaa ihukumiwe kwa ushahidi gani kuwa imefufuka?

Swali hili lina fedha ndani yake, lina sheria, lina hesabu, na lina haki za watu ambao hawajazaliwa; na kwa kadiri nilivyolitafakari nimesadiki jambo moja, ambalo msomaji ataliona likirejea katika kurasa hizi kila mara, nalo ni kwamba kipimo tunachokichagua ili kuhukumu kazi ndicho kinachoiamuru kazi yenyewe, hata ardhi huishia kufanana na kipimo chake. Mpanzi wa kwanza wa kilima kilichochimbwa ni yule aliyeandika kipimo. Mwenye mbegu huja nyuma yake.

Ili tulielewe swali, yatupasa kwanza tufahamu kile kinachopotea. Makaa ya mawe hulala chini kwa matabaka, yamefunikwa na miamba ya mchanga na ya udongo, na mchimbaji wa mgodi wa wazi hana budi kuyaondoa yote yaliyo juu kabla hajayafikia. Juu kabisa pana udongo mweusi ambao kina chake mara nyingi hakizidi shubiri mbili au tatu, nao ndio hazina: ndani yake mna mbegu zilizolala zikingoja zamu yao, mna mizizi, mna kuvu zilizo nyembamba kuliko unywele ambazo zimefungamana na mizizi ya miti na kuisaidia kutafuta maji na chakula, mna minyoo na wadudu wasiohesabika. Udongo huo ukirundikwa miaka mingi pasipo mimea, viumbe vyake hudhoofu kwa kukosa hewa na kukosa mizizi ya kuvilisha. Na miamba iliyokaa gizani tangu kale, ikiletwa juu, ile yenye chuma na salfa hukutana na hewa na maji ikazaa asidi kali, yenye kuunguza mizizi na kuyageuza maji ya vijito yakawa na rangi ya kutu. Basi mtu apandaye mbegu juu ya kifusi kama hicho anapanda juu ya kitu ambacho hakijapata kuwa shamba tangu dunia kuumbwa.

Kwa muda mrefu Marekani iliyaachia majimbo yake jambo hili la kuiponya ardhi iliyochimbwa, na majimbo mengine yalikuwa na sheria dhaifu ambazo kampuni ziliweza kuzikwepa kwa kuvuka mpaka tu. Tarehe 26 Februari 1972 boma lililojengwa kwa taka za makaa lilipasuka katika bonde la Buffalo Creek, jimbo la West Virginia, na maji meusi yaliyokuwa nyuma yake yakateremka juu ya vijiji vya wachimbaji yakaua watu 125. Msiba huo uliongeza kilio kilichokuwa kikisikika tangu zamani. Bunge likapitisha sheria ya nchi nzima juu ya migodi ya wazi, Rais Gerald Ford akaikataa. Likapitisha tena, akaikataa tena. Hatimaye tarehe 3 Agosti 1977 Rais Jimmy Carter akaitia saini, na tangu siku hiyo mwenye mgodi wa wazi akawa anadaiwa na ardhi.

Deni hilo liliandikwa kwa maneno machache yenye uzito mkubwa. Mchimbaji lazima airudishe ardhi katika umbo lililo karibu na lile la asili, kisha aoteshe juu yake mimea iliyo ya namna nyingi, yenye kutimiza kazi yake, na yenye kudumu. Mimea ya majira yale yale na mimea ya asili ya mahali pale. Mimea iwezayo kuzaa yenyewe na kurithiana kizazi kwa kizazi. Na kuenea kwake kusipungue kuenea kwa mimea ya asili. Mimea migeni haikukatazwa kabisa, ila iliruhusiwa pale tu ilipohitajika kwa matumizi yaliyokubaliwa. Na ili deni lisije likawa maneno matupu, kabla ya kuchimba kampuni huweka dhamana ya fedha, nayo hurudishwa kwa hatua tatu: sehemu isiyozidi asilimia 60 wakati shimo limefukiwa, miteremko imesawazishwa na maji yametengenezewa njia, sehemu nyingine wakati mimea imekwisha kushika, na baki yote wakati mimea imethibitika. Hatua ya kwanza huonekana kwa macho, na ya pili pia kwa kiasi kikubwa. Neno gumu ni lile la tatu, kuthibitika.

Hekima iliyo kubwa kuliko zote katika sheria hiyo, kwa maoni yangu, imo katika namna yake ya kuhesabu muda. Kampuni haihesabiwi miaka tangu siku ilipopanda, ila tangu mwaka wa mwisho ilipoongeza mbegu, au mbolea, au maji, ili kuisaidia mimea kushika. Tangu hapo, penye mvua ya kutosha, mimea yapasa isimame kwa nguvu zake miaka 5 kamili. Na penye mvua isiyozidi inchi 26 kwa mwaka, ambazo ni kama milimita 660, miaka 10 kamili. Mwenye mgodi akirudi na mifuko ya mbolea katika mwaka wa nne, hesabu huanza upya. Mama hawezi kusema kuwa mwanawe ameacha ziwa ilhali usiku bado humnyonyesha. Na kilima hakiwezi kusemwa kuwa kina majani yake mwenyewe maadamu majani hayo yanaishi kwa mfuko wa dukani. Aliyeiandika ibara hiyo alifahamu kuwa uhai wa kuazima na uhai wa asili hufanana sana siku za mwanzo, na kwamba muda ndio kadhi pekee awezaye kuutenga mmoja na mwingine.

Hata hivyo, kadhi huhitaji mashahidi, nao ni wa namna tatu. Wa kwanza ni kifuniko, yaani sehemu ya ardhi iliyositiriwa na mimea ikitazamwa kutoka juu. Mpimaji huitafuta kwa kushusha sindano ndefu mahali pengi na kuandika kila mara imegusa nini: jani hai, jani kavu, jiwe, au udongo mtupu; ikiwa katika sindano 100 zilizoshushwa 62 ziligusa mmea ulio hai, kifuniko ni asilimia 62. Au hutumia fremu ndogo ya sentimita 20 kwa 50, ambayo mtaalamu wa mimea Rexford Daubenmire aliieleza mwaka 1959, na ambayo huwekwa chini mara nyingi katika mstari mmoja, mpimaji akikadiria kila mara mmea gani umeenea kiasi gani ndani yake. Shahidi wa pili ni mavuno: majani hukatwa ndani ya kipande kilichopimwa, hukaushwa mpaka unyevu wote utoke, kisha hutiwa katika mizani, kwa kuwa mfugaji hali ubichi wa majani wala ng'ombe wake hawanenepi kwa rangi. Shahidi wa tatu ni idadi ya mashina, nayo hutumika palipoahidiwa miti au vichaka. Na hapo kanuni ni kali kwa haki, kwani haitoshi miti iwepo siku ya ukaguzi, lazima iwe yenye afya, na asilimia 80 yake iwe imekaa mahali pale kwa asilimia 60 ya muda wote wa dhamana, ambayo katika miaka 5 ni miaka 3. Kwa hiyo hawezi mtu kupanda miche Jumatatu na kudai fedha zake Ijumaa.

Mashahidi hao wakiisha kusema, maneno yao hulinganishwa na nini? Hapa pana njia tatu, na kila moja ina fadhila na upungufu wake. Njia moja ni kutenga kipande jirani ambacho hakikuchimbwa, chenye udongo, mteremko na matumizi yaliyo karibu na yale ya ardhi iliyopandwa, kiwe kioo chake. Fadhila yake ni kuwa mvua ikiwa haba mwaka ule, inakuwa haba kwa pande zote mbili, na upungufu wake ni kuwa kipande hicho nacho chahitaji kutunzwa kwa uaminifu, maana kikilishwa ng'ombe mpaka kikabaki vumbi, kitamfanya jirani yake aonekane tajiri. Njia ya pili ni kutumia vipimo vilivyochukuliwa kabla ya kuchimba, ambavyo ni ushahidi wa ardhi yenyewe juu ya nafsi yake, lakini vilichukuliwa katika miaka ambayo haitarudi. Njia ya tatu ni kiwango kilichoandikwa na wataalamu, tarakimu moja isiyobadilika. Nayo ni nyepesi kutumika, na kwa wepesi huo huo husahau kwamba mwaka wa ukame na mwaka wa neema si mwaka mmoja.

Kanuni husema kuwa kifuniko, mavuno au idadi ya miti vitahesabiwa kuwa sawa na kiwango ikiwa havikupungua asilimia 90 ya kiwango hicho. Msomaji aitazame vizuri hesabu hii, kwa sababu wengi hujikwaa hapa: ikiwa mbuga ya asili imefunikwa nusu yake, yaani asilimia 50, ardhi iliyopandwa haitakiwi kufikia 90, inatakiwa kufikia 45. Nyika kame yenye udongo mtupu katikati ya vichaka vyake ni nyika kamili, na kuifunika pote ni kuifanya kitu kingine.

Lakini hakuna awezaye kushusha sindano katika kila shubiri ya ardhi ya mamia ya hekta. Hupimwa sehemu chache zilizochaguliwa kwa kura, kisha kutokana na chache hizo hukisiwa hali ya zote, na kisio hilo lazima liwe na uhakika wa asilimia 90. Hapa hesabu hugeuka kuwa insafu. Mpimaji aweza kuanza kwa kudhani kuwa ardhi imefaulu mpaka idhihirike kwamba imeshindwa. Au aweza kuanza kwa kudhani kuwa haijafaulu mpaka idhihirike kwamba imefaulu. Tofauti ya maneno ni ndogo, tofauti ya matokeo ni kubwa mno. Kwa dhana ya kwanza, kampuni iliyopima sehemu chache mno, kwa uzembe, hunufaika na uzembe wake, kwani ushahidi haba hauwezi kudhihirisha ubaya. Kwa dhana ya pili, uzembe huo huiangukia yenyewe, na yenye nia ya kurudishiwa dhamana hulazimika kupima sana na kupima vizuri. Watu wa pwani yetu waliozoea baraza za makadhi wanaifahamu kanuni kuwa mwenye kudai ndiye apaswaye kuleta ushahidi. Anayedai kuwa kilima kimefufuka ni yule aliyekiua, naye ndiye anayetaka fedha zake. Kwa hiyo mimi naona ni haki mzigo wa kuthibitisha ukae juu ya mabega yake.

Sasa nije kwenye kisa kilichonifundisha maana ya jina la sura hii. Katika milima ya Appalachia, iliyofunikwa tangu zama na misitu ya miti yenye kupukutisha majani, sheria ya 1977 ilipokuja watu walikuwa wamechoshwa na mmomonyoko, na maporomoko, na mito iliyojaa tope. Wakaguzi kwa hiyo walitaka miteremko iliyoshindiliwa ikawa imara na kifuniko kilichoenea upesi, na jambo hilo lilikuwa na sababu njema. Wenye migodi wakasikia walilotakiwa. Buldoza zikapita juu ya kifusi mara nyingi, zikakilainisha na kukishindilia. Kisha zikamwagwa mbegu za majani yenye nguvu yaliyotoka nchi za mbali, kama feski ya Kentucky 31 yenye asili ya Ulaya na lespedeza ya Asia, pamoja na mbolea na chokaa kwa wingi. Kilima kikawa kijani katika mwaka wa kwanza. Kifuniko kikapimwa, kikaonekana kizuri, dhamana zikarudishwa, na ardhi ikabaki jinsi ilivyokuwa siku ile ya kupimwa, mwaka hata mwaka, bila kusogea.

Miti haikurudi. Iliyopandwa ilikufa au ilidumaa, kwa kuwa mizizi yake ilishuka kidogo ikakuta chini pagumu mfano wa sakafu, ambapo maji ya mvua hutuama wakati wa masika na kutoweka wakati wa kiangazi; na hapo juu majani mazito yaliwahi jua, yakawahi maji, yakawahi chakula, na kuwapa maficho panya wa porini waliotafuna maganda ya miche. Mbegu zilizobebwa na upepo na ndege kutoka mwitu wa jirani zilianguka juu ya mkeka usiopenyeka. Mrithiano ule ambao sheria ilikuwa imeutaja kwa jina, wa majani kuvipisha vichaka na vichaka kuipisha miti, ulisimama mahali pamoja. Sheria ilitaka mimea yenye kurithiana. Kipimo kilihesabu kifuniko. Na ardhi ikatii kipimo.

Jambo lililowashangaza wachunguzi ni kwamba karibu na hapo palikuwa na migodi ya kale, iliyoachwa kabla ya 1977 kwa namna ambayo leo ingekuwa kosa la jinai, vifusi vyake vimelala ovyo bila kusawazishwa, na juu yake misitu mizuri imesimama, mingine ikikua sawa na ile isiyoguswa. Watu kama James Burger wa chuo kikuu cha Virginia Tech, na wenzake wa chuo kikuu cha Kentucky, walitumia miaka mingi kuitafuta sababu, na sababu ilikuwa nyepesi kuliko wengi walivyodhani: kifusi cha kale kilikuwa tifutifu. Hakuna aliyekishindilia, na mizizi ilipata njia. Natija hii haiwatakasi wachimbaji wa zamani, ambao vijito vyao vilikufa kwa tope na asidi. Inatufundisha tu kwamba katika juhudi ya kuyatibu madhara ya zamani, dawa iliua na kilichokuwa kizima.

Mwaka 2004 idara ya serikali kuu inayosimamia sheria hiyo iliungana na majimbo 7 ya Appalachia katika mpango wa kurudisha misitu, na mafundisho yao yakawekwa katika hatua tano. Pawe na udongo na mawe yaliyolainishwa na hali ya hewa, kina chake kisipungue futi 4, ambazo ni kama mita 1.2. Usawazishaji uwe mwepesi, buldoza zipite mara chache kadiri iwezekanavyo. Majani ya kufunika yawe ya upole, mafupi, yasiyogombana na miche. Ipandwe miti ya namna mbili pamoja, ile inayotangulia kuitengeneza ardhi na kuwalisha wanyama, na ile ya mbao za thamani. Na upandaji wenyewe ufanywe kwa ustadi, mche usichomekwe kama kijiti. Ugumu haukuwa katika hatua hizo. Ulikuwa katika jicho la mkaguzi, ambaye tangu ujana wake alifundishwa kuwa ardhi laini na ya kijani ni nzuri na ardhi yenye matuta na mawe ni mbaya, na ambaye sasa alitakiwa kusimama mbele ya kilima chenye mabaka ya udongo mtupu na kusema kwa kujua kwamba hiki ndicho chenye matumaini. Maji ya mvua yaliyokuwa yakiteleza juu ya ardhi iliyoshindiliwa yalizama katika matuta yale, na hofu ya mmomonyoko ikapungua. Lakini kubadilisha jicho ni kazi ndefu kuliko kubadilisha kanuni.

Upande wa magharibi kipimo kinakabiliwa na mtihani wa namna nyingine. Katika bonde la Powder River, jimbo la Wyoming, ambako tabaka la makaa hufikia unene wa mita 20 na zaidi, nchi ni kame na dhamana hukaa miaka 10. Mmea unaoitawala nyika ile ni kichaka cha kijivu chenye harufu kali, cha jamaa ya pakanga yetu, ambacho wataalamu hukiita Artemisia tridentata. Na yuko ndege mmoja wa ukoo wa kwale ambaye majani ya kichaka hicho ndiyo chakula chake wakati wa baridi na kivuli chake ndicho maficho ya viota vyake, hata hawezi kuishi mahali ambapo kichaka hakipo. Majani huota upesi katika udongo uliorudishwa, na kwa kifuniko na kwa mavuno ardhi huweza kufaulu na kuizidi mbuga ya asili. Lakini mbegu za pakanga hiyo ni ndogo sana, hazidumishi nguvu zake kwa muda mrefu, na miche yake hushindwa ikiwa majani yametangulia kusongamana. Jimbo likaona kuwa kipimo cha kifuniko peke yake kingewapa wafugaji malisho na kuwanyima ndege makao, likaweka sharti la vichaka: kimoja kwa kila mita ya mraba, katika asilimia 20 ya ardhi inayohusika. Tazama jinsi sharti hilo lilivyoibadilisha kazi. Wapandaji walianza kuhamisha udongo mbichi wa juu moja kwa moja kutoka machimbo mapya bila kuurundika, kupunguza mbegu za majani, kupanda kwa mabaka badala ya kusawazisha pote, na kutengeneza mahali pa kushika theluji. Hata hivyo kichaka cha miaka 10 ni mtoto. Nyika iliyokomaa huchukua makumi ya miaka, na dhamana haiwezi kungoja kiasi hicho.

Yako pia mashamba. Katika majimbo ya mahindi, kama Illinois, ardhi iliyokuwa bora kwa kilimo haihukumiwi kwa majani hata kidogo: huhukumiwa kwa mazao, kwa muda usiopungua miaka 3 ya mavuno, na wastani wake lazima ulingane na wa mashamba yasiyochimbwa ya udongo wa namna ile ile. Mahindi ni shahidi mkweli, kwa sababu mzizi wake hushuka kuyatafuta maji, na buldoza iliyoshindilia ardhi miaka mingi iliyopita husemwa na shuke lililopungua punje.

Nimesema juu ya mashahidi watatu, lakini wako wengine ambao hawaitwi mbele ya baraza, nao wanajua mengi. Pwani ya Kenya, hapo Bamburi karibu na Mombasa, palikuwa na machimbo ya mawe ya chokaa ya kutengenezea saruji, na mwaka 1971 mtu aitwaye René Haller alianza kuyaotesha miti. Hayakuwa ya makaa, lakini swali ni lile lile. Alijaribu aina 26 za miti katika jiwe lile jeupe lenye chumvi, na tatu tu ndizo zilizostahimili. Iliyoshinda kupita zote ilikuwa mvinje, ambao mizizi yake hushirikiana na vijidudu vya kunasa naitrojeni ya hewani. Kwa kipimo cha kifuniko na kwa hesabu ya mashina, kazi ile ingekuwa imekwisha: mivinje ilikuwa hai, mirefu, mibichi. Lakini Haller alitazama chini. Majani membamba ya mvinje yalikuwa yakianguka na kurundikana bila kuoza, maana yake miti ilikuwa ikila isirudishe, na udongo ulikuwa haujazaliwa. Akaleta majongoo, wale wekundu wa miguu wanaojulikana na kila mtoto wa pwani, wakayala majani yale na kuyageuza mboji, na katika mboji ile mimea mingine ikapata pa kushika. Hakuna kanuni niijuayo inayomtaka mpimaji ahesabu majongoo. Lakini mtu atakaye kujua kama msitu umeanza kuishi, na ainame, afunue majani makavu, atazame kama yanaoza; atafute miche ambayo hakuna mtu aliyeipanda; na baada ya mvua kubwa atazame rangi ya maji ya kijito.

Hayo yote yanatuhusu. Makaa ya mawe yanachimbwa Ngaka, wilayani Mbinga nchini Tanzania, tangu 2011. Yalichimbwa Kiwira kabla yake. Yamo Mchuchuma, wilayani Ludewa. Na yamepatikana katika bonde la Mui huko Kitui, nchini Kenya. Mazungumzo juu ya migodi hii huhusu tani, na ajira, na barabara, na umeme, na yote hayo ni mambo ya haki kuzungumzwa. Swali la majani huachwa mpaka mwisho, kana kwamba ni swali la kufagia nyumba baada ya arusi. Kisa cha Appalachia chaonyesha kuwa huo ni wakati uliokwisha kupita, kwa sababu ardhi ikishindiliwa imeshindiliwa, na kuipasua tena kwa meno ya chuma ni gharama ambayo kampuni iliyokwisha kurudishiwa dhamana yake hailipi. Na udongo wa juu uliochanganywa na kifusi hakuna achambuaye.

Kwa hiyo hukumu ya mwisho huanza siku ambayo hakuna mti uliokatwa. Mahali popote ambapo sepetu haijaingia bado, na atangulie mtu mwenye daftari, afuatane na wazee wa pale wanaoyajua majina, aandike mninga uko wapi na msuku uko wapi, majani gani hutangulia mvua za kwanza na yapi hufuata, udongo mweusi una kina gani na chini yake pana jiwe la namna gani, chemchemi gani haikauki na maji yake yana ladha gani. Na daftari hilo liwekwe mahali ambapo kampuni, na serikali, na mjukuu wa mzee yule, wote wataweza kulifungua. Ili siku mgodi utakapofungwa, na kijana mpimaji atakaposimama juu ya kilima na fremu yake mkononi, kijani kimetanda mbele ya macho yake tangu ukingo hata ukingo, awe na kitu cha kukiuliza.